Kiapo cha Ugeni Kisiwani Belakei

Wanaotaka kujua nilifikaje Belakei wakawaulize wenye meli. Mimi bahari ilinilevya tangu siku ya pili, na nilichokiona njiani ni ndoo tu. Nitaanzia pale miguu yangu ilipokanyaga nchi kavu, katika bandari ya mji mkuu wa jamhuri ile ndogo ya Karibi, ambayo ukiitafuta kwenye ramani utayachosha macho bure. Naitwa Siwema Shekiondo. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na moja, Lushoto na Korogwe, ni mjane, ni mstaafu, na watu wanaozungukazunguka na maneno wananitia homa. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye sheria yao kubwa, maana bila kuijua hiyo hutaelewa lolote la nchi ile.

Sheria ni hii: huko Belakei, mwenyeji hawezi kuwa shahidi wa nchi yake. Jambo la kisiwani, liwe zuri au baya, halijatokea mpaka mgeni aje, alione, aliseme, na karani aliandike katika buku moja nene liitwalo Kitabu cha Ushahidi. Likishaandikwa limeandikwa. Wenyeji milioni nzima wakisimama kulikanusha, ni kelele.

Aliyenieleza hayo ni Bwana Anselm Duverney, Mtambulishaji wangu. Kila mgeni hupewa mmoja bandarini, kama vile kwetu mtu anavyopewa fomu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Alinisimulia kwamba zamani kisiwa kilitawaliwa na watu wa mbali, na watu hao ndio waliokuwa wakiandika kila kitu: wenyeji wakoje, mito ikoje, nani mvivu, nani mwema. Siku ya uhuru wajumbe wakakaa kujadili nani ataandika sasa. Upande mmoja ukasema tutaandika wenyewe. Upande wa pili ukauliza: nani atatuamini? Kila mzazi husifu mwanawe, na kila mvivu husingizia ugonjwa. Nikamwambia kwetu tunasema nyani haoni kundule. Akafurahi sana, akasema hiyo ndiyo hoja iliyoshinda, kwa kura moja.

"Na aliyepiga kura hiyo moja alikuwa nani?" nikauliza.

Duverney akasema habari hiyo haimo katika Kitabu, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na mgeni ukumbini.

Siku za mwanzo nilicheka, sitaficha. Idara yao ya Hali ya Hewa imemwajiri mzee mmoja mgeni, kipara, ambaye kazi yake ni kutoka nje kila asubuhi bila mwavuli. Akirudi amelowa, mvua imenyesha. Akirudi mkavu, hata kama mitaro imefurika, hakuna mvua. Na ili asije akageuka mwenyeji kwa kukaa sana, kila baada ya miezi mitatu hupandishwa meli, huzungushwa kisiwa kizima, akashushwa palepale alipopandia, akapewa shada la maua na kukaribishwa upya. Nilimkuta akila ndizi za kukaanga. Alisema kazi si mbaya ila kifua kinamsumbua.

Kicheko kilinikauka hospitalini. Kila Jumanne wageni hupelekwa wodini, maana mgonjwa haruhusiwi kusema panapomuuma. Mwili ni wake, kwa hiyo ushahidi wake una upendeleo. Mgeni husimama miguuni pa kitanda, hutazama, akasema "nadhani ni tumbo", na daktari huandika tumbo. Mimi nilipelekwa kwa kijana aliyekuwa ameshika taya kwa mikono miwili. Nikamuuliza yeye mwenyewe panamuuma wapi. Akanitazama kwa woga, akageuka kumtazama daktari, kisha akasema kwa adabu kwamba yeye ni mwenyeji. Nikasema jino, andikeni jino, hata kipofu anaona ni jino. Wakaandika, na yule kijana akatokwa na machozi. Nilitoka pale nikiwa na hasira na sikujua nimtolee nani.

Tuna msemo kwetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Miaka yote nimewafundisha watoto maana yake kuwa mgeni huja na heri, na siku hiyo mtachinja kuku. Sikujua iko nchi imeugeuza kuwa katiba.

Alasiri ya siku ya nne wakanifanyia hafla ya makaribisho katika ukumbi wa manispaa. Nilitakiwa kusema maneno mawili matatu. Nilikuwa nimeandika hotuba kuhusu upepo wa biashara na kilimo cha miwa, mambo ya darasani. Nikasimama, nikatazama mbele, na pale safu ya pili nikamwona mwanamke ana pua ya shangazi yangu Mwanaidi. Si ya kufanana. Ileile, pua ya ukoo wetu, ambayo mimi mwenyewe nimeivaa miaka sitini na mitatu na sijawahi kuipenda. Hotuba ikanitoka kichwani. Nikawaza waliochukuliwa, karne zile, na sisi tuliobaki tukaendelea kulima na kuoana kana kwamba hakuna kitu. Nikasema, "Nimefika kwa ndugu zangu," nikashindwa kuendelea, nikaketi.

Watu walisimama. Walilia, Duverney naye akatoa kitambaa akajifuta, na karani aliyekuwa pembeni akaandika maneno yangu neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri. Ndiyo kazi yake.

Mwanamke mwenye pua yetu aliitwa Eudora Bellegarde, na alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni niliyofikia. Asubuhi yake aliniletea mkate wa muhogo, akafunga mlango kwa kisigino, akasimama. Sikumzungusha wala hakunizungusha. Alisema kijijini kwao kuna mto, juu ya mto kuna daraja, na daraja limekatika katikati tangu mafuriko ya miaka minane iliyopita. Ng'ambo ya mto ndiko iliko zahanati. Katika Kitabu daraja ni zima. Bwana na bibi waliokuja fungate miaka kumi na tisa nyuma waliliona kutoka kilimani, wakasema ni daraja la kupendeza, likaandikwa hivyo. Tangu hapo hakuna mgeni aliyepelekwa huko.

Nikamuuliza kwa nini wasiweke kivuko, pantoni dogo la kuvuta kwa kamba. Akasema walishatengeneza zamani. Lakini kivuko kando ya daraja zima ni kutukana taifa, na adhabu yake ni kifungo.

"Kiangazi tunavuka kwa miguu, maji kiunoni," alisema. "Mvua zikianza, hakuna anayevuka. Binti yangu Mirlande ana mimba ya miezi minane, na mvua zinaanza wiki ijayo."

Nikamwambia Duverney nataka kuona mto. Akasema mto haumo katika ratiba. Nikamjibu kwamba nimefundisha mito miaka thelathini na moja na sijaona hata mmoja uliongojea ratiba, na kama hataki kunipeleka nitakwenda kwa miguu na akaeleze yeye mgeni wake yuko wapi. Akaenda kuwasha gari, na njia nzima aliendesha bila kumuuliza mtu, kwenye kona ambazo mgeni wa njia asingezijua.

Daraja nililiona kwa macho yangu. Huku nguzo mbili, kule nguzo mbili, na katikati hewa. Kwenye ncha ya upande wetu mtu alikuwa amefunga kamba ya kuanikia, na juu yake mashuka ya watoto.

Eudora alikuwa ameomba ruhusa kazini akatangulia kijijini; nikakaa kwake siku mbili, nikalala kitanda kimoja na Mirlande, kwa kuwa vitanda ni viwili tu. Mirlande ana miaka ishirini na minne, anapenda ubishi, na tumbo lile limemfanya mkali. Alinibishia hata mwendo wa jua. Usoni mwa mama yake, kila alipomtazama tumbo, niliona kitu ambacho si furaha, na siku ya pili nikaambiwa sababu. Kulikuwa na dada mkubwa, Rosamie. Miaka sita iliyopita uchungu ulimshika mvua zikiwa zimefunga mto. Walimbeba mpaka ukingoni. Paa la zahanati lilikuwa linaonekana, na muuguzi ng'ambo alisimama akiwapigia kelele afanye hivi, afanye vile, na maji yanavuma hawamsikii. Akafia pale, yeye na mtoto.

Hakuna mgeni aliyeona. Kwa hiyo katika Kitabu Rosamie Bellegarde hakufa. Kila uchaguzi huletewa kadi ya kupigia kura, na Eudora hutia sahihi kwamba imepokelewa. Anazo tatu, ndani ya kopo la biskuti, na alinionyesha.

Basi nikalia, sioni haya kusema. Mirlande, na ubishi wake wote, akanishika bega akasema mtoto akizaliwa mimi ndiye shangazi yake, maana hawana shangazi mwingine. Nikakubali. Nikala mkate wao wa muhogo kama mtu wa nyumbani. Mwisho wa siku zile mbili nilirudi mjini nikaomba kutoa ushahidi.

Baraza la Ushahidi lilikutana Ijumaa asubuhi. Mwenyekiti wake alikuwa Bi Clothilde Aubin, mama mnene mwenye sauti ndogo, ambaye nilimwona tangu mwanzo kuwa si mtu mbaya. Eudora aliketi benchi la mbele. Nikasimama, nikasema nimeona daraja, limekatika, katikati hakuna kitu, na mtu akiweka kivuko pale hatukani mtu yeyote. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya mkoba wangu.

Ndipo akasimama Wakili Octave Prosper, ambaye cheo chake kamili ni Mtetezi wa Sifa za Taifa. Alizungumza kwa heshima kubwa. Alisema hana shaka kwamba mimi ni mkweli. Shaka yake ni kama mimi ni mgeni. Akamwomba karani asome kumbukumbu za hafla, na karani akasoma kutoka kwenye mwandiko wake mzuri: nimefika kwa ndugu zangu. Wakili akaendelea kwamba nimelala katika nyumba ya familia inayohusika, nimekula chungu kimoja nao, na inasemekana nimekubali kuwa shangazi wa mtoto ambaye hajazaliwa. Sasa Waheshimiwa, ndugu wa mwenyeji si ni mwenyeji? Na mwenyeji tangu lini akashuhudia?

Wajumbe wakaanza kujadiliana. Mmoja alisema bahari iliyo kati yetu inatosha kunifanya mgeni. Mwingine akasema damu haipimwi kwa maili. Wa tatu, mzee, akasema yeye binafsi alilia kwenye hafla ile, na kama mimi si ndugu basi arudishiwe machozi yake. Nikaomba nafasi. Nikasema kwetu wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; mnamwacha anayelala juu yake miaka yote, mnamuuliza aliyepita dirishani. Wajumbe kadhaa wakatikisa vichwa kukubali. Wakili akasema msemo ni mzuri sana na angependa uandikwe, lakini umetolewa na mtu ambaye bado haijaamuliwa kama ni mgeni.

Jamani, nilitaka kumrushia mkoba.

Bi Aubin akasema ipo njia. Sheria ina Kiapo cha Ugeni, kwa mtu ambaye ugeni wake umetiliwa shaka. Ni maswali matatu, na jibu la kila swali ni ndiyo au hapana. Akatoa mapumziko ya robo saa ili nifikiri.

Nilitoka nje kwenye ngazi. Eudora alinifuata, akasimama hatua tatu kutoka nilipo, mikono ndani ya aproni. Nikamwambia sitaweza. Nimevuka bahari nzima nikikumbatia ndoo, nimewapata, halafu nisimame mbele za watu nikane. Nilisema watafute mgeni mwingine. Akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wazito.

"Mgeni mwingine atakuja lini?" aliniuliza. "Mvua ni Jumanne. Sema hutujui, Siwema."

Akarudi ndani kabla yangu.

Bi Aubin alisoma maswali kutoka kwenye karatasi iliyochakaa pembeni. La kwanza: una ndugu katika kisiwa hiki? Nikasema hapana. La pili: ukiondoka, kuna nyumba utakayoikumbuka kuliko nyingine? Nikasema hapana, na sauti haikutetemeka, maana nimesimamia mitihani miaka mingi na najua kuweka uso. La tatu akalisoma polepole, nadhani hata yeye alilichukia. Akataja jina.

"Eudora Bellegarde akifa, utamfanyia matanga?"

Alikuwa ameketi pale, mikono magotini. Hakuinamisha uso. Pua yangu ile ikinitazama.

"Hapana," nikasema.

Karani akaandika. Bi Aubin akatangaza kuwa shahidi ni mgeni, kwamba ushahidi wake umepokelewa, na kwamba kuanzia saa ile daraja la mto ule limekatika. Wakili Prosper akawa wa kwanza kunipa mkono. Alisema kwa unyofu kabisa kwamba amefurahi, kwani yeye mwenyewe siku nyingi alikuwa akisikia daraja lile lina kasoro.

Nilikimbilia mlangoni kumtafuta Eudora. Alikuwa barabarani akienda zake na wanakijiji wenzake. Nikaita jina lake. Wote waligeuka isipokuwa yeye.

Duverney akanishika mkono kwa upole akaniingiza ndani ya gari. Ndipo akanieleza kile ambacho ningepaswa kuuliza kabla. Kiapo hakiishi siku ile tu. Ushahidi unasimama maadamu shahidi ni mgeni, na wakili wa taifa ana ruhusa ya kuufungua upya wakati wowote. Mtu wa ile nyumba akinikumbatia, akinipikia, akiniandikia barua, itakuwa ni dalili ya undugu. Na habari za uzazi ndiyo dalili kubwa kuliko zote, maana Belakei mtoto akizaliwa habari hupelekwa kwa ndugu tu. Ikithibitika hivyo, daraja litarudi kuwa zima, na kivuko kitaondolewa.

Nikamuuliza alijuaje njia ya kwenda mtoni bila kuuliza. Tukavuka mzunguko wa barabara, ndipo akasema mama yake anaishi ng'ambo. Amemwona mara mbili tangu mafuriko. Kila mwaka amekuwa akiwatambulisha wageni wapatao mia tatu kisiwani, na kila mmoja wao yeye humwambia nchi yetu haina kasoro, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Nilikuwa na maneno makali ya kumwambia. Nikayameza, kwa sababu alikuwa analia, na kwa sababu mimi nami nilikuwa nimetoka kusema uongo wangu.

Jumatatu, siku ya kuondoka kwangu, alinipitisha mtoni kabla ya bandarini. Halikuwa katika ratiba. Tulisimamisha gari juu kilimani, mbali, pale walipokuwa wamesimama wale wa fungate. Wanakijiji walikuwa wamelitoa pantoni lao nyuma ya nyumba ya Eudora, lilikokuwa limefunikwa miaka yote kuku wakitagia chini yake. Wanaume walikuwa wanavuta kamba. Mirlande ameketi katikati juu ya godoro, na hata kwa umbali ule nilimwona ananyoosha kidole kuwaelekeza namna ya kuvuta. Mama yake amesimama nyuma yake amemshika mabega. Mawingu yalikuwa yameshajaa. Nikahesabu kila mvuto wa kamba mpaka wakafika ng'ambo, muuguzi akampokea, wakapanda, wakaingia chini ya lile paa.

Eudora alikuwa wa mwisho kuingia. Hakugeuka kutazama kilimani. Alijua nipo, gari la serikali linaonekana kutoka kila upande, na hakugeuka.

Yamepita miaka minne sasa. Huyo mtoto, kama yupo, anakimbia. Sijui ni wa kike au wa kiume, sijui wamemwita nani, na sijui kama mama yake alisalimika. Watu hapa Lushoto wananiambia andika, Mwalimu, uulize, barua gharama yake ni ndogo. Hawaelewi, na nimechoka kuwaelewesha. Kila Jumatatu nakwenda posta kufungua sanduku langu. Ufunguo ukishaingia, ninaomba kwa Mungu nisikute kitu. Nikilikuta tupu nasema alhamdulillah, kivuko kingali kinafanya kazi. Kisha nakaa kidogo pale kwenye ngazi za posta, ndipo narudi nyumbani.